Dawa Ipo kwa Wakala

Mume wangu ana kifafa. Vidonge vilikuwa vimekitia adabu, hata akawa anapanda ngazi bila mie kumfuata nyuma kama yaya. Basi siku moja nikaenda kuvichukua kwa mfamasia wetu hapa Kenton, Muhindi mzaliwa wa Kisumu. Akanipokea uso umemsawijika.

"Mama, dawa hakuna."

"Hakuna wapi? London nzima?"

"Iko kwa wakala wa jumla. Lakini amepandisha bei, na serikali inanirudishia bei ile ya zamani. Kila boksi nikinunua ni hasara. Wakubwa wanakaa kupanga bei mpya."

Loh! Wanakaa! Wao wakae kwenye viti, mume wangu aanguke? Mie nimekulia soko la Darajani kule Unguja, nikafungua pochi. "Sema hiyo tofauti, nailipa mie."

Akakataa. Dawa za serikali mgonjwa haruhusiwi kuongeza hata senti. Akipokea, duka litafungwa. Sheria imewekwa kunilinda, ati. Nikamwambia wallahi sijapata kulindwa vibaya namna hii. Hakucheka, na mie sikuwa natania.

Nikazunguka maduka mpaka Ilford, jawabu ni lile lile. Kwenye treni nikalia mbele za watu, sikujali. Dawa ipo, imo kwenye ghala la mtu, na sisi hatuipati.

Vidonge vya mwisho akavimeza. Hapo ndipo nilipoikumbuka Unguja. Daktari alipompunguzia kipimo mwaka jana, maboksi yaliyozidi tulimpa msafiri ampelekee wifi yangu, kwani mwanawe ana maradhi hayo hayo. Nikasema, potelea mbali aibu, nitamwomba arudishe moja. Nikapiga simu, mume wangu kakaa ubavuni mwangu.

Wifi hakunipa nafasi. "Wifi yangu, Mungu akuzidishieni! Mtoto karudi skuli, haanguki tena. Jana kacheza mpira!"

Nikamtazama mume wangu. Akatikisa kichwa taratibu: usiseme.

"Na nyengine zinakuja lini?" wifi akauliza. "Hizi zinakaribia kwisha."

Mume wangu akaichukua simu.

"Zinakuja, dada," akasema. "Usitie shaka, zinakuja."

Mkono ulioshika simu ulikuwa umeshaanza kumcheza. Nikaivuta meza ya kioo, nikaiweka mbali naye.