Shahidi wa Pili wa Mbio za Yadi Mia

Nilipoambiwa niwe kadhi wa orodha yetu ya wanamichezo bora, ilinipasa niseme hapana. Nilisema ndiyo, tena haraka, kabla fundi wa kushona, mwenye barza yetu, hajamaliza kunimiminia kahawa. Nimefanya makosa mengi maishani, na mengine makubwa kuliko hilo kwa kuyatazama, lakini hilo ndilo ninalolirudia mara kwa mara, kwa sababu lilikuwa jepesi sana kulikataa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kila ukifungua gazeti au televisheni, watu walikuwa wanachagua mchezaji bora wa karne. Sisi wa barza ya Hamriya, mtaa wa Maskati, tukaona na sisi tuna macho yetu. Barza yenyewe ilikuwa viti vya plastiki nje ya duka la fundi wa kushona kanzu, mwenzetu wa Unguja. Tulikutana pale kila siku baada ya sala ya alasiri, watu saba au wanane, karibu wote tuliokuja Maskati miaka ya sabini na kuanza maisha upya tukiwa watu wazima. Palikuwa na madereva, walimu, mwuza vipuri mmoja. Mimi nilikuwa karani bandarini Matrah.

"Wewe hati yako nzuri," fundi aliniambia, "umemaliza sekondari, na huna timu. Sisi wengine tukishika kalamu tutatiana ngumi."

Tulikubaliana tuwachague kumi, wa mchezo wowote, tuliowahi kuwaona sisi wenyewe maishani mwetu. Nikaandika masharti kwenye daftari jipya. La kwanza, mchezaji awe ameonekana kwa macho. La pili, kila anayetajwa awe na mashahidi wawili, kama tulivyozoea katika ndoa na katika kuandama kwa mwezi. La tatu ni langu mimi, nililitia ili nionekane mwadilifu: kadhi hashuhudii. Kazi yake kusikiliza, kuandika na kutoa hukumu.

Sharti la kwanza peke yake lilituchukua siku tatu. Dereva mmoja wa lori, mtu wa maneno mengi, alitaka televisheni ihesabiwe.

"Televisheni si macho," mwuza vipuri akasema. "Ile ni hadithi yenye picha."

"Na mkeo je? Si ulimuona pichani kwanza?"

"Nilimuona pichani, ndiyo, na alipokuja nikaona picha imedanganya. Ndiyo maana nakwambia."

Televisheni ikakataliwa. Wakaanguka mabondia wote wakubwa wa Ulaya na Marekani, akabaki golikipa wetu wa zamani aliyekuwa akidaka kwa mkono mmoja huku mwingine ameshika kofia yake isianguke. Akaingia mpiga kriketi aliyevunja dirisha la ofisi ya serikali kwa pigo moja. Akaingia mwendesha baiskeli wa Unguja aliyeshinda na mnyororo umekatika, akisukuma kwa miguu. Na katika vijana wa Oman tuliowaona uwanjani hapa hapa, akaingia winga mmoja ambaye hata dereva wa lori alinyamaza alipotajwa. Nilifurahi siku zile. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanainuka vitini kuonyesha jinsi mtu alivyopiga chenga, wanagonga meza ya kahawa, wanaketi wakihema.

Zilipobaki nafasi mbili, Maalim akasema. Alikuwa mkubwa wetu kwa umri, amesomesha skuli Unguja tangu ujana wake, na alikuwa mtu wa maneno machache.

"Nna mmoja," alisema. "Lakini huyu si mwanamme."

"Farasi?" dereva akauliza, watu wakacheka.

"Msichana. Mbio za yadi mia, siku ya michezo ya skuli ya wasichana. Wanaume walikuwa hawaruhusiwi, mimi nliazimwa kushika saa tu. Alipofika niliitazama saa, nikaitikisa, nikaitia sikioni. Nikadhani imesimama. Nikawaambia warudie. Wakarudia. Mara ya pili alifika, akageuka, akaanza kufunga nywele zake, wenzake bado wanakuja. Nimeona wanamichezo wengi, wanaume kwa wanawake, hapa na kwetu. Kama huyo sijaona."

"Maalim, saa ilikuwa mbovu."

"Mbovu mara mbili?"

"Mbovu ni mbovu."

"Shahidi wa pili nani?" fundi akauliza.

Maalim akanitazama. Akangoja.

Yule msichana alikuwa dada yangu, tumbo moja. Siku ile ya mbio nilikuwa na miaka tisa, na watoto wadogo waliachiwa kuingia na mama zao. Nilikuwa nimesimama karibu na kamba ya mwisho. Nilimuona Maalim akiitia ile saa sikioni. Nilimuona dada akifunga nywele. Kwa hiyo shahidi wa pili alikuwepo pale barzani, ameshika kalamu.

Mtu asiyetujua lazima aelezwe jambo moja. Barzani kwetu mwanamme hasemi "mke wangu", husema "watu wa nyumbani". Mke aweza kutaniwa, lakini dada yake hamtaji kabisa. Nikaona wale wanaume wote wakimtazama dada yangu akilini mwao, anakimbia peku, gauni limefungwa kiunoni kwa mshipi. Nikapata joto la uso. Kama ningekuwa mtu wa kawaida pale, nimekaa na kikombe changu, Maalim angeweza kunitaka nijibu. Lakini nilikuwa kadhi, na kadhi hashuhudii. Nilikuwa nimejijengea mahali pa kujificha.

Nikashusha macho. Nikaandika, "Msichana, yadi mia. Ametajwa na Maalim. Ameona kwa macho, alishika saa. Shahidi mmoja." Nikasema, "Mmoja hatoshi. Tuendelee."

Katika nafasi mbili zile wakaingia bondia na mcheza mpira mwingine. Niliiandika orodha kwa wino mweusi, fundi akaitia fremu na kuitundika dukani juu ya mashine yake.

Baada ya wiki moja hivi Maalim alinifuata nilipokuwa nafungua mlango wa gari.

"Nakumbuka na wewe ulikuwepo," akasema taratibu. "Umevaa kofia kubwa ya babako, inakufika masikioni."

"Sikumbuki, Maalim."

"Hukumbuki?"

"Nilikuwa mdogo."

"Haya," akasema, akaniombea salama ya njiani, akaenda zake. Angeweza kurudi barzani na kusema msichana ni nani na ndugu yake ni nani. Hakusema siku ile wala siku nyingine. Alinisitiri mimi, na mimi nikakubali kusitiriwa.

Dada alikuwa akiishi Ghubra na binti yake. Kila Ijumaa nilikula kwake. Aliipenda sana michezo, mpira wa televisheni haumpiti, na habari ya orodha yetu alikuwa nayo.

"Mwanamke mumemtia hata mmoja?" aliniuliza, anapakua wali.

"Hakutajwa," nikasema.

Akanitilia wali.

Barzani mambo hayakwisha. Dereva wa lori alipata mchezo wake. Kila Maalim akitokea kwa mbali, "Maalim, yule msichana keshafika, au bado anafunga nywele?" Wakacheka, na mwanzo Maalim naye alicheka. Kisha wakawa wanamwambia hata akizungumza mambo mengine. Akisema jana alimuona fulani sokoni, "Kwa saa ipi, Maalim?" Alianza kuja siku mbili kwa wiki, kisha moja, kisha akawa anabaki na wazee wa msikiti wa karibu na nyumbani kwake Ruwi. Hapakuwa na ugomvi. Kiti chake kikawa kinakaliwa na mwengine.

Alifariki katikati ya miaka ya elfu mbili. Siku ya pili ya tanzia tulikaa majlisini kwao, tukinywa kahawa, watu wakimtaja kwa wema. Mtu mmoja, wala hakuwa na nia mbaya, akasema kwa sauti ya chini, "Mtu mkweli kabisa yule, Mungu amrehemu. Ukiondoa yule msichana wake." Wengine wakatabasamu.

Asubuhi yake nilikwenda Ghubra. Dada alikuwa jikoni amekaa kwenye kiti, magoti yanamsumbua, anakunja sambusa. Nilimwambia yote bila kukaa. Barza, sharti la kadhi, alivyonitazama Maalim, kofia ya baba, na uongo niliomwambia mwenyewe pale mezani kwake.

Hakuacha kukunja. "Nlijua wiki ile ile," akasema. "Mkewe Maalim alinambia kwenye hitima."

"Na hukunambia?"

"Nikwambie nini? Wewe ndiye kadhi." Akabandika ukingo wa sambusa kwa kidole. "Nlitaka nione utachukua muda gani. Miaka mitano, mdogo wangu. Mimi yadi mia nlikuwa sichukui hivyo."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Nkuulize kimoja tu. Ulinionea haya?"

"Ndiyo, dada."

Akaiweka sambusa kwenye sinia. "Basi ushasema. Nlikuwa nataka nisikie kwako, si kwa mke wa mtu. Kaa, unaniziba mwangaza."

Nilikaa. Nikala sambusa nne za moto mpaka ulimi ukaungua. Sijui nieleze vipi wepesi nilioupata. Kwa miaka mitano kila Ijumaa nilikuwa nakula pale kama mtu anayekaa kwenye kiti cha kuazima, na sikujua kama nakaa hivyo mpaka asubuhi ile nilipoegemea.

"Kawaambie wenzio," alisema nilipoinuka. "Jina langu usilitaje, sema dada yako tu. Wakitaka kuiona miguu, waambie saa hizi haifiki hata sebuleni."

Alasiri ile nilimkabidhi fundi daftari mbele ya wote. "Kadhi hashuhudii," nikasema, "basi mimi si kadhi tena. Nashuhudia kwamba msichana aliyetajwa na Maalim alikimbia kama alivyosema, mara mbili, na saa haikuwa mbovu. Nilikuwepo. Ni dada yangu."

"Dada yako huyu wa Ghubra?" mwuza vipuri akauliza, na hapo hapo akaona haya kwa kuuliza.

"Huyo huyo."

Dereva wa lori alivua kofia, akaitazama ndani kama anayetafuta kitu humo. "Mimi nimemcheka mwenzangu bure," akasema. Hakusema tena mpaka magharibi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Mtu mmoja akauliza kama ushahidi wa marehemu unafaa. Fundi akafungua daftari, akausoma kwa sauti mstari niliouandika mwenyewe. "Keshasema na imeandikwa," akasema. "Kufa hakufuti." Hakuna aliyependa kumtoa mtu katika kumi, kwa hiyo fundi akasema kumi na moja ndiyo timu kamili. Fremu ikashushwa, nikaandika chini kabisa: Msichana wa Yadi Mia.

Dada aliniamuru nimpitishe kwa gari. Nikasimama mbele ya duka, yeye akatazama kwa dirisha la gari kwa muda mrefu. "Mstari wa mwisho umepinda," akasema. "Haya, twende." Njia nzima mpaka Ghubra alinihadithia mbio zile, kwa mara ya kwanza tangu utoto wetu, na akanieleza kwamba mara ya pili alikimbia zaidi kwa hasira, kwa sababu Maalim hakuiamini saa.

Dada yuko hai, namshukuru Mungu, na bado ananitania. Orodha imesahihishwa. Kwa hayo moyo wangu umetua. Lakini kutoka duka la fundi mpaka nyumbani kwa Maalim Ruwi ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na kwa miaka mitano sikuutembea. Alikufa watu wakimdhania mzushi, na yeye akijua kwamba mimi najua ukweli. Nilikwenda kumwomba radhi mjane wake. Alinisamehe kwa upande wake, akaniambia kwa upole kwamba la mumewe hawezi kulitoa yeye. Kwa kukubali ukadhi ule nimeikosa radhi ya Maalim, na hapa duniani sitoipata.