Upande wa Pili wa Santuri

Mbumbuni nzima inajua kwamba Wavinya aliimbwa. Hata kama wewe ni mgeni, umefika sokoni tu kununua kunde, ukikaa kidogo kwenye benchi yake atakuambia. Kwamba zamani, yeye akiwa msichana, kulikuwa na mtu wa gitaa kutoka Zombe anaitwa Nthiwa, akampenda mpaka akaenda Nairobi akamtia kwenye santuri. Kwamba redio iliupiga huo wimbo Jumamosi saa za salamu. "Wavinya wa Mbumbuni, shingo ya korongo, ukipita vumbi linalala." Hapo ananyoosha shingo. Shingo yenyewe siku hizi ina mikunjo kama kiondo kilichokaliwa, lakini anainyoosha.

Na huyu ni mama wa kanisa. Nyimbo za dunia hazitii mguu nyumbani kwake. Wenzake wa chama cha akina mama walipomwuliza mbona huu mmoja anauruhusu, aliwajibu, "Huu si wa dunia. Huu ni wangu." Wakamwacha, maana kubishana na Wavinya ni kupigia mbuzi gitaa kweli.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuupenda, naye ni Mulinge, mume wake. Redio ilipokuwa ikiupiga, Mulinge alitulia mpaka ile ya shingo na vumbi ikaribie kuisha. Kisha aliinuka, hata kama ana ugali mkononi, akazungusha kile kifundo mpaka sauti ikafa. Alifanya hivyo tangu Gedion, mtoto wao, akiwa wa kubebwa mgongoni.

"Wivu," Wavinya aliwaambia watu, naye Mulinge yupo hapo hapo anasikia. "Mtu ameshanioa, nimemzalia, na bado anaogopa santuri."

Mulinge alisafisha koo tu, akaenda kuangalia ng'ombe.

Sasa, mwaka huu mwezi wa nane, watu wa Zombe walileta ntheo kwa Gedion, yaani wale mbuzi wa kumfunga msichana ili mwingine asije kumuuliza. Msichana ni kifungua mimba wa Gedion, na kwa desturi yetu huyo hubeba jina la nyanya yake. Kwa kitambulisho ni Wavinya. Nyumbani anaitwa Kanini, maana huwezi kuita Wavinya mmoja, waje wawili.

Kwa Kikamba wakwe ni athoni, na aibu ni nthoni. Maneno hayo mawili yanalala kitanda kimoja. Mbele ya athoni mtu hujikunja, hukaza leso, huchunga mdomo. Wavinya alikaza leso. Mdomo ukamshinda.

Aliketi karibu na Kasiva, nyanya ya kijana anayeoa, mama mdogo wa mwili, mpole, mwenye fimbo. Katikati ya kula nyama Wavinya akaanza.

"Huko kwenu Zombe mimi najulikana kabla hata ya mbuzi zenu kuzaliwa."

"Unajulikana kwa nini, mama Gedion?"

"Nthiwa, yule wa gitaa. Wavinya wa Mbumbuni ni mimi."

Kasiva aliacha kutafuna. Akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

"Kumbe kuna mtu," akasema polepole. "Sisi tulidhani ni jina tu."

"Kuna mtu, na ndiye huyu," Wavinya akasema, shingo juu. Akamgeukia kijana mwenyewe, Mwangangi, aliyekuwa amekaa kwa adabu karibu na ile tivi kubwa ya Gedion. "Mjukuu, wewe una simu ya kisasa. Nitolee huo wimbo hapo kwa tivi, wakwe waone wameoa wapi."

"Susu, uko hata na video," Mwangangi akamwambia, akimwita nyanya kwa Kikamba, amefurahi kupata kazi. "Nthiwa kabla afariki aliurudia, akaweka na wachezaji."

"Mwacheni kijana apumzike, tuongee," Kasiva akasema.

"Tutaongea ukiisha. Weka."

Ikawekwa. Nyasi za hoteli fulani, kijani kibichi, wasichana sita wa sketi za manjano wanatikisa viuno, na Nthiwa mzee, kofia na miwani myeusi, amekumbatia gitaa kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine. Kisha akatokea mwanamke wa nywele za kununua, mnene, anatembea kwa madaha. Huyo ndiye Wavinya.

"Wameninenepesha," Wavinya akasema, watu wakacheka, naye akacheka. Sketi ilikuwa fupi kwa mama wa kanisa, lakini aliitazama. Korongo akaimbwa. Vumbi likalala. Mwanamke kwa tivi akageuza shingo huku na huku, na huyu wa kwenye kiti pia.

Halafu gitaa likabadilika, likawa la kuchekacheka, na sauti ya Nthiwa ikasema, "Sasa geuzeni santuri."

Mulinge aliinuka kule pembeni. Akaja na fimbo yake mpaka kwa tivi, akaanza kuipapasa ukingoni, juu, chini, anatafuta kifundo. Tivi za siku hizi hazina kifundo. Mkono wake ukapita usoni pa wale wasichana wa manjano, na vijana wa Zombe wakaangua kicheko.

"Baba Gedion, kaa chini," Wavinya akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka zizini. "Hata leo? Hata mbele ya athoni? Jamani, muone wivu niliokaa nao miaka hii yote."

Wakacheka zaidi. Mulinge akamgeukia.

"Mama Gedion, mwambie kijana azime."

"Hazimi mtu."

Mzee akarudi kitini kwake, akaweka mikono juu ya fimbo, akainamisha macho.

Na upande wa pili ukaimbwa. Mama alitoka Zombe kwenda kumtazama mchumba wa mwanawe. Alitembea, midomo imekauka kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Akapiga hodi. Binti, nipe maji. Wavinya akasema, mtungi ni mtupu. Na nyuma ya mlango mtungi umejaa, unatoka jasho.

Yule mwanamke wa tivi akausukuma mtungi kwa kiuno, akaupangusa jasho kwa sketi. Wale sita wakapindua mikono yao: mtungi mtupu, mtungi mtupu. Vijana wa Zombe wakaimba nao bila kufikiri, kama watu wanavyoimba kitu walichozaliwa nacho. Mwangangi pia.

"Hii ndiyo tunaijua sisi," akamwambia Kanini, anacheka. "Kwetu mtu mchoyo anaambiwa ana mtungi wa..."

Jina likamkwama. Aliuona uso wa Kanini. Shangazi mmoja akamfinya binti yake aache kuimba. Mwangangi akatafuta pa kuzima kwenye simu, vidole vikakataa, na mtungi mtupu ukapita tena mara mbili kabla tivi haijawa nyeusi.

Wavinya alikuwa amesahau. Mtu husahau kidonda kikishapona, lakini hiki hakikuwa kidonda chake. Mwaka ule wa njaa, mlango wa jikoni wa mama yake, mwanamke wa akala za matairi na leso iliyochujuka. Maji alikuwa ameyateka mwenyewe, mbali, ameyaweka ya kuoshea nywele aende kanisani Jumapili. Aliiangalia ile leso. Akasema ni mtupu. Mwanamke aliutazama mlango, akasema asante, akaenda bila kujitaja. Nthiwa hakurudi tena, na Wavinya alijiambia kwamba umaarufu umempoteza.

Hapo chumbani, mama mmoja wa Zombe akamnong'oneza mwenzake, wala hakunong'ona vizuri, "Na huyu bibi arusi, jina lake la karatasi ni nani?"

"Kanini," Gedion akasema haraka.

Kanini aliangalia chini, anakunja ukingo wa nguo yake. Alikuwa anaona kisima cha Zombe, na wanawake, na wimbo. Nyanya yake pia alikiona.

"Ni Wavinya," mwanamke mzee akasema. "Ni langu. Nilimpa mimi."

Akainuka. Wasichana wakakimbia kumsaidia, akawafukuza kwa mkono. Jikoni kwa Gedion kuna tangi na mfereji, lakini mtungi wake wa zamani alikuwa hajakubali utupwe, ulikaa kwenye kona. Akachota. Akarudi akishika kwa mikono miwili kikombe kilichojaa mpaka ukingoni, maji yanamwagika kwenye simenti mbele ya wakwe wote, naye hayapangusi. Akainama mbele ya Kasiva.

Kasiva hakupokea mara moja.

"Unampa nani? Mimi, ama yule mama wa wimbo?"

"Kunywa kwanza."

Kasiva akanywa yote. Akafuta mdomo.

"Ni baridi," akasema. Kisha akasema, "Wimbo ukishaimbwa, mama Gedion, mimi siwezi kuuimbua. Watauimba. Lakini mtoto huyu akija, atashika mtungi wa kwangu. Waje waombe maji, waone."

Mbuzi hawakurudishwa. Jua likiwa bado juu, wageni wakaaga, kwa upole mwingi, ule upole wa watu wanaongoja kufika barabarani wacheke.

Mulinge alikuwa nje, kivulini pa ghala la mahindi. Wavinya akaja akasimama kando yake, si mbele yake. Kumtazama machoni hakuweza.

"Ulijua lini?"

"Kabla sijakuoa. Pale mjini Sultan Hamud. Kulikuwa na hoteli ya chai yenye gramafoni, wanageuza upande wa pili tu, watu wanacheka mpaka wanamwaga chai."

"Na ukaja kunioa."

"Nilikuja kuona huo mtungi. Nilifika kwa mama yako na baiskeli, nikaomba maji."

Wavinya alitafuta kichwani, hakuona baiskeli wala kijana.

"Nikakupa?"

Mzee alifikiri, kama mtu anayetaka kuwa wa haki.

"Ulinipa. Lakini uliniambia nirudishe kikombe haraka."

Alikuwa akitania. Wavinya hakucheka. Alikuwa anahesabu kichwani watu wote aliowaambia neno wivu: wa kanisa, wa sokoni, watoto wake mwenyewe, naye huyu amekaa hapo anasikia, akisafisha koo. Hakujua angeanzia kwa nani kulifuta. Neno la kumwambia yeye lilikuwepo, lilifika hata kwenye ulimi, likarudi. Akamwondolea jani lililomwangukia begani. Hilo tu ndilo aliloweza.

Siku ya soko alikaa kwenye benchi yake. Mama mmoja aliyekuja kununua kunde, mgeni, amedokezwa na wenye maduka, akamwuliza, "Mama, ati wewe uliimbwa?"

Wavinya alimjazia kopo la kunde mpaka likafurika. Shingo yake ilibaki pale ilipokuwa, chini.

"Niliimbwa," akasema. "Pande zote mbili."