Hamimu Alivyojimwaga Kama Breki

Gari liliteremka milimani likinuka breki zilizoungua, likapita katikati ya Bujumbura, likaingia Buyenzi kwa gia ya kwanza. Mgeni aliyeliendesha hakuwa amewahi kufika mtaa huo. Milango ya magari imeegemezwa kwenye kuta za misikiti, injini zimelala barabarani, na watu wanapita katikati yake kama wapitao sebuleni kwao. Kila aliyeulizwa habari za breki alimwelekeza kwa Hamimu.

Hamimu alikuwa amekasirika tangu asubuhi. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama msasa, lakini chupa ya maji hakutaka hata kuiona. Daktari alimwambia presha yake iko juu, akampa vidonge vya kukojoza, kimoja kila siku. Kimoja! Kana kwamba anamfundisha mtoto. Hamimu aliijua presha tangu ujana wake: inapozidi kwenye mirija ya breki, unalegeza skrubu, unamwaga, inashuka. Basi akameza vidonge vitatu vitatu, akaacha maji, akangoja ishuke.

Alikuwa akilegeza gurudumu la gari la mgeni wakati Amira alipotokea. Huyu ni mtoto wa dada yake, muuguzi wa kliniki moja ya mtaa wa Rohero, na alikuja na nguo za kazi, kipimo cha presha mkononi.

"Mujomba, leta mkono."

"Ngoja nimalize gari ya watu."

"Mkono!"

Akautoa kama anayemtolea askari kitambulisho. Mpira ukakaza, ukalegea. Amira aliutazama mshale muda mrefu.

"Imepanda kuliko nilivyoipima Ijumaa."

"Apana!" Spana iliruka, ikagonga boneti la jirani. "Vidonge nimekula mara tatu, maji mi sinywi, nimemwaga yote, na bado inapanda? Hiyo mashine yenu imekufa!"

"Labda bomba yako iko na tundu!" Rachid, fundi wa gereji ya pili, alicheka.

"We Rachid, funga mudomo!"

Sasa hata Amira alipandwa na hasira. "Mara tatu? Nani alikuambia mutu ni Toyota? Breki haina akili, mujomba. Figo ziko nayo. Zinaonja damu saa zote. Ukiikausha, hazijui ni we unamwaga makusudi. Zinadhani umekatwa, damu inakwisha. Zinatoa homoni yao, renini. Hiyo inaamsha nyingine, na mishipa inabanwa mwili muzima. Tezi zilizokaa juu ya figo nazo zinapata amri: shikeni chumvi, chumvi ishike maji. We unamwaga, zenyewe zinafunga."

"Kumbe zinapigana na mimi!" Miaka yote amezibeba tumboni mwake, na leo zinamgomea.

"Zinakuokoa! We ndiye unapigana nazo, na zinachoka. Leo umekojoa?"

Usiku Hamimu alikuwa ameingia chooni, akasimama, akatoka bila hata tone. Alfajiri, kabla ya kutawadha, tena vilevile. Na alifurahi, maskini. Alijiambia mirija imekauka, kazi imekwisha.

"Mujomba."

"Jana," akasema. "Asubuhi."

Amira alikunja kipimo chake polepole, na upole huo ulimuudhi Hamimu kuliko makelele.

"Sema basi! Nitukane!"

"Twende. Figo zikifa, utafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mpaka mwisho wako. Twende hospitali sasa hivi."

Hamimu alijifuta mikono kwa tambara kwa nguvu, kana kwamba ngozi ndiyo yenye kosa. "Usiguse kitu!" akamfokea mgeni. "Na Rachid asiguse!" Amira alipotaka kumshika kiwiko, aliusukuma mkono wake. Akatangulia kuelekea barabara kubwa, akiyumba, akimlaani daktari, akivilaani vidonge, na kwa sauti kubwa zaidi akimlaani yule mpumbavu aliyejifanya fundi wa mwili wake mwenyewe. Watu walimpisha. Mgeni alibaki kando ya gari lililoinuliwa, akiisikiliza sauti ile, mpaka nyundo za Buyenzi zikaifunika.