Nilimnyamazia mama mkwe nikiwa najaza gobore

Wakuu, nawasalimu nyote. Leo nimewasalimu nikiwa nimekaa, mikono mitupu, na mkifika mwisho mtajua kwa nini nimesema hivyo.

Hii imenipata mimi mwenyewe hapa Awendo. Siongezi chumvi, maana bibi yangu, Mama Achieng', anasoma humu na ataniumbua kwa comments.

Mimi nauza hardware. Misumari, rangi, mabati. Na niseme ukweli, niko na mdomo. Mteja akija kununua kufuli moja, ataondoka akijua habari za ukoo wetu mzima.

Sasa, kuna mzee mmoja hapa, tumwite Mzee Okeyo. Alikuwa fundi wa bunduki jeshini, sasa amestaafu. Yeye na wenzake wako na klabu ndogo ya kulenga shabaha kwa machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje ya mji. (Kabla mtu aanze kelele: klabu iko na leseni, na makaratasi ya bunduki yako sawa. Tulieni.)

Wenzake wanapiga bunduki za kisasa. Mzee yeye ni gobore tu. Ile ya zamani, unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unaweka risasi na kitambaa, unashindilia na fimbo, halafu unaweka fataki kwa nyuma. Risasi moja, kazi ya dakika nzima.

Mara ya kwanza kuiona ikilia, moshi mweupe ukajaa machimbo yote, nilicheka kama mtoto. Nikamwambia, "Mzee, nifunze."

Akasema kwanza nitajifunza kuosha.

Wakuu, mimi ni mtu wa hardware. Mnaniambia nini kuhusu chuma? Nikapaka oil nzuri, nikapangusa, nikarudisha iking'aa. Jumapili iliyofuata Mzee (ni Msabato, Jumamosi hatumpati) akapitisha kitambaa ndani ya mtutu, kikatoka rangi ya matofali. Kutu!

Kumbe masizi ya baruti hayaogopi oil. Yanataka maji ya moto na sabuni, siku hiyo hiyo, halafu unakausha kabisa, ndipo oil kidogo. Maji yanatoka meusi na yananuka mayai viza. Bibi yangu alinipa sufuria moja iliyong'oka mkono na akaniambia nisiirudishe jikoni tena maishani.

Lakini niliipenda hiyo kazi jamani. Mimi mtu wa kelele, nikiosha mtutu nakaa nusu saa sijasema neno. Roho inatulia tu.

Baada ya wiki kadhaa nikaruhusiwa kujaza. Na hapo ndipo mdomo wangu uliniponza.

Nilikuwa nimeshamimina baruti, dereva mmoja wa lori la miwa, mteja wangu, akapita kando ya kamba ya kuzuia watu. "Oyawore!" Ndiyo habari ya asubuhi kwa Kijaluo. Sasa, sisi huku hatusalimii nusu. Nikaweka kila kitu chini, nikaenda nikampa mkono, nikauliza watoto, ng'ombe, miwa, mguu wa mamake uliokuwa unauma. Nikarudi. Nikamimina baruti.

Mara ya pili.

Nikashindilia nikiwa bado natabasamu. Fimbo ya Mzee iko na alama mbili za kisu, moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu uliojazwa sawa. Hiyo ya kujazwa sawa ilikuwa juu ya mdomo wa mtutu, mbali kabisa, maana ndani kulikuwa na baruti mara mbili. Mzee akaiona kabla yangu. Hakupiga kelele. Alichukua gobore pole pole, akageuza mdomo wa mtutu mbali na watu. Hiyo ndiyo iliniogopesha.

Akaniambia, "Gobore halijui adabu. Ukianza kulijaza huna mama, huna baba, huna mgeni. Ukimaliza, salimia dunia nzima. Ukirudia hii, hutalishika tena."

Niliona aibu, wakuu. Nilitaka sana hiyo kitu, na ningeipoteza kwa sababu ya mguu wa mamake dereva.

Basi ikafika Jumapili ya mtihani. Risasi tatu, peke yangu. Nikifaulu, Mzee anasaini form yangu ya klabu. Nikikosea, kwaheri.

Ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu, nimeshamimina baruti, nikasikia sauti nyuma ya kamba.

"Oyawore, Baba Achieng'."

Mama mkwe.

Ametoka Kendu Bay na karai la samaki wa omena kichwani, na hajafika kwangu tangu tulete ng'ombe wa mahari. Bibi alikuwa amemwelekeza machimbo. Mjaluo yeyote humu anajua huyo ni mtu unamheshimu namna gani.

"Oyawore!" akarudia.

Ulimi ulikuwa umeshainuka. Lakini nikaweka risasi. Nikashindilia. Nikaangalia alama, iko sawa. Fataki. Nikalenga, nikapiga.

Moshi ulipoisha nikageuka, na karai lilikuwa linaenda zake barabarani.

Nikataka kumkimbilia. Mzee akanishika shati. "Unaenda wapi? Osha kwanza. Mama mkwe hashiki kutu."

Nikaosha, wakuu. Nikiomba Mungu, nikaosha mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Mzee akasaini form, akachukua kofia yake, akasema tunaenda wote.

Tulimkuta sebuleni kwangu, handbag magotini, chai imepoa mbele yake, hajaigusa. Bibi yangu alinitazama macho ya kuniua.

Mzee ndiye aliyeongea. Akaeleza ya dereva, ya baruti mara mbili, na amri aliyonipa.

Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwa hivyo angegeuka kunijibu, hiyo kitu ingemfanya nini?"

"Ingeweza kumtoa mkono, mama. Na wewe ulikuwa karibu."

Akaangalia mikono yangu, myeusi bado, inanuka mayai viza. Akaweka handbag chini, akanyoosha mkono wake.

"Oyawore, Baba Achieng'."

Ilikuwa saa nane mchana. Nikajibu, "Oyawore ahinya, mama," yaani asubuhi njema sana. Na machozi yalinilenga, sitadanganya.

Akainua kikombe, akaagiza chai iwekwe moto tena.

Nilichojifunza: heshima nyingine ni kunyamaza mpaka kazi imalizike. Na chuma kioshwe siku hiyo hiyo, hata kama nyumbani kunawaka.

Siku hizi akinipigia simu anaanza hivi: "Uko na baruti, ama naweza kusalimia?"

Haya, nani mwingine humu ashawahi kumnyima mkwe salamu akapona? Leteni, leo duka liko kimya.