Kifua cha Babu Yake

Kila asubuhi, mfugaji wa kuku wa nyama wa mtaa wa Mudzipela huwanyanyua vifaranga mmoja mmoja, huwabonyeza kifua kwa kidole gumba, huwaweka kwenye mizani na kuwasemesha polepole kana kwamba ni wagonjwa. Wenye kifua kipana huwabakiza wazae, wengine huwauza. Wote ni uzao wa jogoo mmoja aliyelelewa na mkewe kule Kpandroma. Mfugaji alimbeba jogoo huyo ndani ya koti siku yeye na mkewe walipokimbia vita, na katika msongamano wa barabarani akapoteana na mkewe.

Juzi Clémence, mwenye mgahawa wa jirani, alimtaka jogoo kijana aliyewazidi wote kwa uzito.

“Huyu hapana, mama,” mfugaji akasema. “Iko na kifua ya babu yake. Siku muke yangu atafika, atamujua.”

“Na kama anakawia, papa? Kuku haiishi miaka mingi.”

Mfugaji akayalaza manyoya ya jogoo kwa kiganja.

“Ndiyo maana ninamuzalisha. Akikufa, mutoto yake atabakia na kifua ile ile.”

Clémence hakumwomba tena. Alichagua mtetea, na alipofika langoni akageuka, akauliza mke huyo anaitwa nani.