Mwaka Walipouliza Habari za Kuta

Kazi yangu hapa Kolwezi, mji wa migodi huku Kongo, ni kuwauliza watu maswali yaliyotungwa na watu wengine. Nina digrii ya uchumi, na digrii hiyo imenipatia simu pana ya kubonyezea majibu na kofia ya jua. Kila kiangazi vyuo vikuu vya ng'ambo hututafuta. Watafiti wao wanachunguza kampuni za kimataifa zinazotia mtaji katika nchi kama yetu, na wa kupiga hodi mitaani ni sisi.

Nilipoanza, kila mtafiti alitaka kujua kama mwekezaji analeta kazi. Swali hilo likachakaa, wakaja wa kuuliza kama ujuzi wake unabaki kwetu. Halafu ikawa vumbi na maji, halafu betri za magari ya umeme. Mada zilibadilika kama mitindo ya vitenge sokoni, lakini mitaa ya kuulizwa ilikuwa ile ile, na watu wake walikwisha kutuchoka. "Muliuliza tayari," mama mmoja aliniambia mlangoni, "na jibu iko wapi?" Nikamkasirikia bure.

Mwaka mmoja mada ikawa hali ya nyumba zinazopakana na migodi. Nilifurahi ajabu, maana dada mkubwa wa mama yangu, mjane aliyenilea, alikaa hatua chache tu kutoka uzio wa mgodi wa kampuni moja ya kigeni. Kila adhuhuri walipolipua mwamba, nyumba yake ilitetemeka na nyufa zikaongezeka. Ufa wa chumbani ulimeza kiganja changu chote. Kampuni ilikuwa imesema itafuata utafiti huu kuamua nani ahamishwe, na yeye alichotaka ni kuondoka pale kabla ya mvua.

Basi nikampelekea habari kwamba wageni wa chuo kikuu watakuja Jumanne. Hilo tu. Sikumweleza watatazama nini, kwa sababu kanuni zetu zinakataza kumwandaa anayeulizwa, nami nilizishika kama katekisimu.

Jumanne nilifika na mtafiti mgeni, nikakuta nyumba nyeupe pe! Alikuwa amekandika nyufa zote kwa udongo na kupaka chokaa nje na ndani. Aliwaambia majirani pia, na mstari mzima wa nyumba ulikuwa unang'aa. Nikamvuta pembeni.

"Mama mukubwa, juu ya nini umeziba?"

"Shi ulisema bageni banakuya? Mi nipokee bantu mu nyumba ya kupasuka? Batasema niko muntu wa namna gani?"

Kipengele cha kuta hakiulizwi. Mwulizaji hutazama, akabonyeza. Mtafiti alisifu usafi, na mama mkubwa akacheka kwa furaha, akamletea kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Ningeweza kusema kwamba chini ya chokaa ile hapakuwa na ukuta wa maana. Lakini ningemwaibisha mbele ya mgeni aliyemwandalia kiti, nami nilikuwa mtoto wake. Nikabonyeza "nzuri". Nilijua ni upumbavu, na nikabonyeza.

Matokeo yalisomwa katika ukumbi wa parokia: nyumba za kando ya uzio zina hali nzuri, mstari wetu hauhamishwi. Nikasimama, nikaeleza habari za chokaa hadi sauti ikanikauka. Afisa wa kampuni alinijibu kwa upole kwamba majibu hayo niliyajaza mwenyewe. Alisema kweli, na ndiyo maana namchukia hadi leo.

Mvua zilipoanza, adhuhuri moja, mara tu baada ya mlipuko, ukuta wa chumbani ulimwangukia akichekecha unga wa mahindi. Majirani walimtoa kwa mikono. Tulimzika kesho yake.

Mwaka huu mada ni ustahimilivu wa kaya, na wanataka kuwauliza tena watu wale wale. Simu ikanielekeza hadi kwenye kifusi cha nyumba ya mama mkubwa. Kwa mtu asiyepatikana ina sababu tatu tu: amekataa, amesafiri, amehama. Usipochagua moja, haisogei. Mtafiti alikuwa ananisubiri garini na bado tulikuwa na nyumba kumi na moja za kumaliza. Nikabonyeza "amehama".