Kaseti Yangu Ilinidanganya

Wewe unaweza kupenda wimbo miaka mingi na usijue mwisho wake? Mimi nilipenda. Wakati wa vita, kambini Munigi, nilikuwa na kaseti ya wale wazee wa roki, wenye nyimbo ndefu kama misa ya Pasaka. Wimbo mumoja ndio ulikuwa unalazaga mutoto wangu. Kaseti ilikuwa inakatikia pahali gitare zinanyamaza, njo nikajua wimbo umeisha.

Juzi wale wazee wakakuja kuimba Goma. Mujukuu wangu Furaha akanipeleka, mimi koko yake. Nilitaka tu kuwaambia aksanti. Wakaimba ule wimbo wangu. Gitare ziliponyamaza, nikapiga vigelegele, nikapanda kwenye podiumu na kikwembe changu kipya cha kitenge kiunoni, nikamukumbatia muzee muimbaji.

"Papa, aksanti, ulinilalishia mutoto."

Akaninong'oneza, kumbe mikro iko mudomoni: "Aksanti sana, mama. Lakini wimbo ungali nusu."

Watu wote wakacheka. Ngoma zikalia tena, na muzee akanishika mukono mpaka mwisho wenye sikuwahi kuusikia. Furaha alifunika uso.

Kufika nyumbani akaniapia: "Koko, siku ingine nitafunga kikwembe chako ku kiti, nikifungue wimbo ukiisha."